Aliyepita Kati ya Vipande

Haya ndiyo maneno niliyowaambia walimu wa shule ya Jumapili na viongozi wa kwaya waliokusanyika Jumamosi katika ukumbi wa kanisa letu, hapa Ndosho, Goma. Nayaweka yote kwa maandishi kwa ajili ya wenzetu ambao mvua ya asubuhi iliwazuia kufika.

Wababa na wamama, vijana wa kwaya, walimu wa watoto wetu, nawasalimu kwa jina la Bwana.

Naanza na swali, wala msinijibu kwa sauti. Mwaka huu peke yake, umekesha mara ngapi katika maombi ya kuvunja maagano? Tumevunja agano la ukoo. Tumevunja agano la kijiji alikozaliwa babu. Tumevunja hata agano la jina tulilopewa na nyanya aliyetupenda. Wamo ndani ya ukumbi huu watu, nami nikiwa mmoja wao, ambao wamewahi kupoteza sauti kwa kuvunja. Sasa swali la pili: katika mwaka huo huo, ni mara ngapi umeketi ukafundishwa namna ya kuishi ndani ya agano? Sibezi sala ya mtu yeyote. Lakini Mkristo anayejua kuvunja maagano tu anafanana na kijana anayepasua mawe ya volkano kutwa nzima, akarundika rundo baada ya rundo, na usiku unamkuta bado analala nje kwa sababu hajainua hata ukuta mmoja.

Na neno lenyewe tunalibeba mkononi kila Jumapili. Biblia yetu ina sehemu mbili, na zote mbili zinaitwa Agano. Tunalivuka neno hilo kama mtu anavyovuka kizingiti cha nyumba yake, bila kukitazama. Leo naomba tusimame kizingitini.

Sisi kwa Kiswahili husema kufunga agano. Waebrania walisema kukata agano. Kwa nini kukata? Kwa sababu palikuwa na kisu, na palikuwa na damu. Fungueni Mwanzo, sura ya 15. Abramu ni mzee, hana mtoto, na amekwisha kuahidiwa nchi na uzao kama nyota za mbinguni. Anauliza swali ambalo mimi na wewe tungeuliza: nitajuaje? Mungu hamkemei. Anamwagiza alete ndama wa miaka mitatu, mbuzi jike wa miaka mitatu, kondoo dume wa miaka mitatu, hua na kinda la njiwa. Abramu anawapasua wanyama katikati na kuvipanga vipande vikabiliane, upande huu na upande ule, pakabaki njia katikati. Ndege hakuwapasua. Kisha anangoja. Tai wanaishukia mizoga, na mzee anashinda akiwafukuza. Mara nyingi nimemfikiria mzee huyo na fimbo yake, katika jua, analinda nyama ambayo hataila, kwa ajili ya ahadi ambayo hajaiona.

Watu wa zamani wa nchi zile walielewa maana yake vizuri. Wenye kupatana walipita kati ya vipande, kana kwamba kila mmoja anasema: nikilivunja neno langu, na nifanywe kama ndama huyu. Wazee wetu katika sehemu nyingi za Kivu nao walikuwa na jambo la jamii hiyo, yaani undugu wa kuchanjana. Huyu alichanjwa, na yule akachanjwa. Huyu alionja damu ya mwenzake, na mwenzake akaonja yake. Tangu siku hiyo nyumba ya mmoja ilikuwa nyumba ya mwingine, na aliyemsaliti ndugu wa namna hiyo aliogopwa kuliko mchawi. Lakini angalieni: wote wawili walichanjwa. Wote wawili. Hakuna mzee aliyekubali kumchanja mmoja tu.

Sasa rudini kwa Abramu. Jua linakuchwa. Nani atapita kati ya vipande? Tungetazamia wapite wawili. Maandiko yanasema usingizi mzito ulimshika Abramu, na giza kuu likamwangukia. Amelala! Mshirika wa agano amelala. Ndipo tanuru ya moshi na mwenge unaowaka vikapita kati ya vile vipande. Nani alipita? Mungu alipita. Abramu alipita? Hakupita. Mwenye kila kitu aliapa kwa kujiweka mahali pa ndama aliyepasuliwa, na yule maskini asiye na mtoto aliapiwa akiwa usingizini.

Naomba walimu walishike jambo hili kwa mikono miwili, kwa sababu siku hizi tunaambiwa kwamba agano ni kitu tunachompelekea Mungu katika bahasha. Unatoa dola kadhaa, unaandika hitaji lako, na bahasha hiyo inaitwa sadaka ya agano. Mimi natoa sadaka, nami nahimiza watu watoe. Ila kulipia ili ufanyiwe ni mkataba, na mkataba tunaufahamu: ni kama likelemba, ule mchango wa fedha wa kupokezana kwa zamu, ambapo usipoleta fungu lako wiki hii, zamu yako haitafika. Agano la Abramu halikuanza kwa fungu la Abramu.

Jambo la pili linatokana na hilo, na kulieleza itabidi nimseme mtoto mmoja wa darasa langu. Alikuwa na miaka minane hivi, mwenye akili kali, aliyezijua Amri Kumi zote bila kukosea. Nikamuuliza: Mungu aliwapa wana wa Israeli amri hizi kwa sababu gani? Akajibu bila kusita: «Ili wakizishika, awatoe Misri.» Darasa zima likaitikia kwamba ndivyo. Nikataka kumsahihisha, kisha maneno yakanikwama, kwa maana nilitambua kwamba alikuwa amesikiliza mahubiri yetu vizuri sana. Ndivyo tunavyohubiri. Jirekebishe, ndipo Mungu atakutoa.

Amri zilitolewa wapi? Sinai. Walifika Sinai lini? Mwezi wa tatu baada ya kutoka Misri. Farao yuko wapi wakati huo? Majeshi yake yako chini ya bahari. Utumwa umekwisha. Na kabla ya amri yoyote, Mungu anajitambulisha: «Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa.» Mara ngapi tumewafundisha watoto zile amri tukaliruka neno hilo la mwanzo? Tumewakaririsha masharti tukawaficha habari njema.

Wataalamu wa historia wamesoma mikataba ya wafalme wa Wahiti, waliotawala nchi ambayo leo ni Uturuki, zaidi ya miaka 3000 iliyopita. Mfalme mkubwa huanza kwa kulitaja jina lake, kisha mema aliyomtendea mfalme mdogo, ndipo yanapokuja masharti, na baada ya hayo mashahidi, baraka na laana. Sura hiyo inaonekana pia katika Kutoka na katika Kumbukumbu la Torati. Lakini tofauti nayo ni kubwa. Wafalme wale walitaka kodi na askari. Mfalme wa Sinai anashughulika na blanketi la maskini.

Nasema kweli. Kutoka 22: ukichukua vazi la jirani yako kuwa rehani, umrudishie kabla jua halijatua, kwa kuwa ndilo analojifunikia, naye atalala na nini? Ninyi mnaoijua baridi ya Goma ya mwezi wa saba, na vumbi lake, mnaelewa kwa nini Mungu aliweka jambo hilo ndani ya agano. Na katika Walawi 19 anaingia hata sokoni, anataka mizani ya haki na vipimo vya haki, na sababu anayoitoa ni ile ile: mimi ndimi niliyewatoa Misri. Ndugu zangu, tunalijua kopo la kupimia maharagwe ambalo kitako chake kimegongwa kwa nyundo hadi kikaingia ndani. Kwa macho ya mnunuzi limejaa mpaka linamwagika. Mwenye kopo ni mshirika, huenda anaimba sauti ya pili katika kwaya, na jioni atakuja kwenye mkesha kuvunja agano la umaskini. Lakini agano la Sinai limo ndani ya kopo lile!

Sikusudii kuwasema wauzaji peke yao. Nafika sasa kwenye jambo la tatu, nalo ni zito kwangu, kwa sababu hadithi yake ni yangu.

Kuna sura moja katika Yeremia ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa katika mji huu, sura ya 34. Jeshi la Babeli limeizunguka Yerusalemu. Katika miji ya Yuda yenye ngome imebaki Lakishi na Azeka tu. Katika hofu hiyo mfalme Sedekia na watu wote wanafanya agano ndani ya nyumba ya Mungu, kwamba kila mtu amwachie huru mtumwa wake Mwebrania, mwanamume kwa mwanamke, kama torati ilivyokuwa imeagiza siku zote na wao wasitii. Wanamkata ndama vipande viwili. Wakuu wanapita kati, makuhani wanapita, watu wa nchi wanapita. Watumwa wanaachiliwa. Fikirini siku hiyo ilivyokuwa, mama anarudi kwake na watoto wake baada ya miaka ya kusaga unga wa watu wengine.

Kisha habari inakuja kwamba jeshi la Farao limetoka Misri, na Wakaldayo, yaani jeshi la Babeli, wanaondoka Yerusalemu. Hofu inapungua. Wakubwa wanafanya nini? Wanawafuata watumwa wao na kuwarudisha utumwani. Wale wale. Ndipo Yeremia anapeleka neno la Bwana: waliopita kati ya vipande vya ndama wakalivunja agano, watatiwa mikononi mwa adui zao, na Babeli itarudi. Ilirudi. Yapata mwaka 586 kabla ya Kristo mji ulichomwa moto.

Je, mnawalaumu? Ngojeni kwanza.

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, jioni, anga juu ya Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu, iligeuka nyekundu. Wakati huo nilikuwa naishi Majengo, nauza mbao na misumari. Sisi tulioiona lava ya Januari 2002 ikipita katikati ya mji hadi ziwani hatukungoja maelezo. Lava ilisimama Buhene, ukingoni mwa mji, kisha ardhi ikaanza kutetemeka, siku baada ya siku, kuta zikipasuka, mpaka asubuhi ya Alhamisi tarehe 27 tulipoamriwa kuhama. Tulielekea mji mdogo wa Sake, watu kwa maelfu na maelfu, magodoro kichwani. Mama yangu mzee hakuweza kutembea. Jirani yangu, fundi seremala, alikuja na chukudu lake, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akamketisha mama juu ya magodoro yetu, akamsukuma. Mlimani alisukuma kwa bega. Nilikuwa natembea nyuma yake, naiona fulana yake ilivyolowa mgongoni, na nilijua jambo ambalo yeye hakulitaja njia nzima: alikuwa na deni langu la mbao, dola 60, na ukurasa wake ulikuwa ndani ya daftari lililokuwa mfukoni mwangu.

Niliapa pale barabarani. Nilisema: Bwana, ukiturudisha salama, deni la mtu huyu nimelifuta. Hakuna aliyenisikia isipokuwa Mungu.

Tulirudi mwezi wa sita. Nyumba ilikuwa imesimama. Wiki ya kwanza tulimshukuru Mungu. Wiki ya pili nilifungua duka, nikafungua daftari, nikauona ukurasa wake, na mkono wangu, mkono huu, ukaandika kikaratasi cha kumkumbusha, nikamtuma kijana wangu akipeleke. Alilipa mara tatu, akamaliza kabla ya Noeli. Aliniomba radhi kwa kuchelewa.

Kwa hiyo nikiisoma Yeremia 34 siwaoni watu wa kale. Ni wangapi kati yetu waliapa kwenye barabara ile, au kwenye barabara nyingine za kukimbia tulizozipita baadaye, hatari ilipopungua tukawafuata watumwa wetu?

Na Mungu afanye nini na washirika wa namna hii? Hapo ndipo Yeremia yule yule, nabii wa mji uliovunja agano, anapoleta neno ambalo hakuna mtu angethubutu kulibuni. Sura ya 31: siku zinakuja nitakapofanya agano jipya na nyumba ya Israeli na nyumba ya Yuda. «Nitatia sheria yangu ndani yao, na katika mioyo yao nitaiandika, nami nitakuwa Mungu wao, nao watakuwa watu wangu.» Mungu ni yule yule, na nia yake kwa jirani ni ile ile, upya uko mahali sheria inapoandikwa. Mbao za mawe zenye zile amri zilivunjika chini ya mlima kabla hata hazijafika kambini, kwa ajili ya ndama wa dhahabu. Sasa mwandiko unahamia moyoni. Na sentensi ya mwisho ya ahadi hiyo, mimi mwenye daftari siwezi kuisoma kwa haraka: «nitausamehe uovu wao, wala dhambi yao sitaikumbuka tena.»

Lakini msikie alivyosema: na nyumba ya Israeli na nyumba ya Yuda. Hakutaja Goma. Hakutaja Waroma wala Wakorintho. Sisi tumeingiaje? Paulo anawaambia Waefeso kwamba walikuwa wageni wasio na sehemu katika maagano ya ahadi, na kwamba wameletwa karibu kwa damu ya Kristo. Kwa Warumi anatumia mzeituni: matawi ya mzeituni mwitu yamepandikizwa, yanakula unono wa shina. Kisha anaonya: usijisifu, maana «si wewe ulichukuaye shina, bali ni shina likuchukualo wewe.»

Mji wetu hauhitaji kufundishwa upandikizaji wa mizeituni ili uelewe hilo. Ni nyumba gani hapa haijawahi kupokea wakimbizi? Jamaa inafika usiku na watoto watano, mnawapa chumba cha wavulana, sufuria moja inalisha watu kumi na wanne. Sasa fikirini mgeni huyo, baada ya mwaka, aanze kuwaambia watoto wa nyumba kwamba baba yao amewakana, na kwamba yeye ndiye mtoto sasa. Mtamsikiliza? Lakini nimesikia mahubiri yanayosema hivyo hivyo: Mungu amewatupa Wayahudi, sisi tumechukua nafasi. Paulo hakusema hivyo. Alisema karama za Mungu hazina majuto, wala mwito wake. Kama Mungu angeweza kulisahau neno alilowaapia Abrahamu na uzao wake, mimi na wewe tungeegemea nini?

Kuna kosa la pili lililo ndugu ya hilo, na hili linatuua. Ni pale kabila moja linapojiita Israeli ya hapa, na kilima hiki Kanaani yake, na jirani wa kilima cha pili ndiye Mkanaani wa kufukuzwa. Sitataja kabila. Kila mmoja aangalie lake. Kumbukumbu la Torati sura ya 7 linawaambia Waisraeli kwamba Bwana hakuwachagua kwa sababu ya wingi wao, «kwa maana mlikuwa wachache kuliko mataifa yote.» Amosi anawauliza kama wao si kama Wakushi tu mbele za Mungu, Mungu ambaye aliwatoa na Wafilisti pia kutoka nchi nyingine. Hao ndio Waisraeli wenyewe wanaoambiwa hivyo! Sisi tuliopokelewa katika chumba cha wageni tunapata wapi kiburi cha kumfukuza mgeni mwingine? Na amri iko wazi: usimwonee mgeni, kwa kuwa mlikuwa wageni katika nchi ya Misri.

Viongozi wa kwaya, Zaburi ya 136 mnaiimba. Mistari 26, na katika kila mstari fadhili zake ni za milele. Neno hilo, fadhili, ndilo neno la agano. Kwa Kiebrania ni hesed, wema wa mtu ambaye ameshajifunga na haondoki. Mkiifundisha kwa wanakwaya, msiwaharakishe mwitikio kwa sababu unajirudia. Umewekwa mara 26 kwa sababu sisi husahau mara 26.

Usiku ule wa mwisho Yesu alikiinua kikombe akasema: «Kikombe hiki ni agano jipya katika damu yangu, inayomwagika kwa ajili yenu.» Wanafunzi wake walikuwa Wayahudi. Walijua kwamba agano hukatwa. Saa chache baadaye, pale bustanini, walikuwa wamelala, kama Abramu. Nani alipita kati ya vipande usiku ule? Paulo anawaandikia Wagalatia kwamba Kristo alifanywa laana kwa ajili yetu. Laana ya ndama aliyepasuliwa, ile ambayo wakuu wa Sedekia waliiapa wakaistahili, ile niliyoiapa mimi kwenye barabara ya Sake.

Kesho tutakipokea kikombe hicho katika kanisa hili. Fundi yule bado anaishi Majengo, karibu na nyumba yetu ya zamani, na hajui neno lolote kuhusu kiapo changu. Dola 60 ninazo hapa mfukoni. Nikitoka ukumbini nitapanda pikipiki, na kama mvua haitarudi, nitamkuta kwenye karakana yake kabla hajafunga.